Moduli iliyojengeka bila neno, ikakataa kupakiwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha Python na C

Ofisi moja ya upimaji ardhi ina huduma ndogo ya Python inayopokea koodineti za ramani za zamani na kurudisha koodineti za GPS. Ramani nyingi za viwanja Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, unaotumia umbo la dunia la Clarke 1880, ilhali simu na vipokezi vya satelaiti vinazungumza WGS84. Pointi ileile ardhini, ukiisoma kwa mfumo mmoja na kuitafuta kwa mwingine, unakosea kwa karibu mita 300. Kwa hiyo hesabu ya kugeuza si pambo. Ikikosewa, bikoni inapigwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine kabisa.

Hesabu yenyewe iliandikwa zamani kwa C na kufungwa kuwa maktaba, `libgeuza.so` (`.so` ni faili la msimbo uliokwisha kukompailiwa, linalopakiwa programu inapoendeshwa). Juu yake kuna moduli nyembamba iitwayo `_ramani`, nayo ya C, ambayo kazi yake ni kuiwezesha Python kuita `geuza_pointi`. Kwenye laptopu ya kijana anayeitunza, Debian 12 yenye Python 3.11, mambo yalikwenda vizuri muda wote. Seva mpya ilipokuja, Ubuntu 24.04 yenye Python 3.12, aliendesha amri aliyozoea ya pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python:

```
LDFLAGS="-L/opt/upimaji/lib -lgeuza" pip install .
```

Ikapita. Hakuna kosa, hakuna onyo. Kisha akajaribu kuiita:

```
>>> import _ramani
ImportError: .../_ramani.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so:
undefined symbol: geuza_pointi
```

"Kaka, pip imemaliza fresh kabisa, sasa hii inalia nini?" ndiyo ilikuwa simu yake kwangu.

Alikuwa ameshajaribu yale ambayo kila mtu huyajaribu kwanza: kufuta mazingira ya Python na kuyaunda upya, na kuweka `LD_LIBRARY_PATH`, kigezo cha mazingira kinachoionyesha Linux folda za kutafutia maktaba. Alikuwa pia amenakili faili la `.so` lililokwisha kujengwa kwenye laptopu na kulileta seva. Hilo la mwisho lilimpa kosa jingine, `No module named '_ramani'`, na likamchanganya zaidi, maana faili lilikuwepo, analiona kwa `ls`. Sababu iko kwenye jina. Faili la laptopu liliitwa `_ramani.cpython-311-x86_64-linux-gnu.so`, na Python 3.12 hutafuta majina yenye `cpython-312`, au `abi3`, au `.so` tupu. Lenye 311 hailitazami hata kidogo. Alitaka kulibadilisha jina liwe `_ramani.so` ili lionekane, nikamzuia. Lingeonekana kweli, na huenda hata lingepakiwa, lakini lilikompailiwa kwa heda (mafaili ya matangazo ya C) za Python nyingine. Lango lile limefungwa kwa makusudi.

Turudi kwenye kosa la msingi. Kipakiaji cha Linux kina malalamiko mawili ambayo watu huyachukulia kuwa kitu kimoja. La kwanza ni `cannot open shared object file`: nimeambiwa nitafute maktaba fulani, sikuiona. La pili ndilo letu, `undefined symbol`: maktaba zote nilizoambiwa nimezifungua, na hakuna hata moja yenye jina hili. Kwa lalamiko la pili `LD_LIBRARY_PATH` haisaidii chochote, kwa sababu hakuna kilichopotea njia.

Sasa, kwa nini ujenzi ulipita? Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Kwenye Linux, linka, yaani programu inayounga vipande vilivyokompailiwa, ikitengeneza faili la `.so` inaruhusu matundu: majina yanayoitwa ndani ya faili bila kuwapo mahali popote wakati wa kuunga. Kwa moduli ya Python matundu hayo ni ya lazima. `_ramani` inaita `PyArg_ParseTuple` na `PyFloat_FromDouble`, na tangu Python 3.8 moduli za namna hii kwenye Linux haziungwi na `libpython`. Majina hayo hujazwa na programu ya Python yenyewe pale moduli inapopakiwa. Linka haina njia ya kujua kwamba tundu la `PyFloat_FromDouble` litajazwa kesho na tundu la `geuza_pointi` halitajazwa na mtu. Inayapitisha yote kwa pamoja. Ndiyo maana kosa la usanidi wa ujenzi huzaliwa kwenye linka na kulia kwenye `import`, mahali ambapo mtu anatazama msimbo wa Python na haoni kasoro, kwa sababu hakuna.

Basi ushauri wangu katika kesi za namna hii ni mmoja: usianze na `setup.py`, faili la maelezo ya ujenzi. `setup.py` inakuambia mtu alikusudia nini. Muulize faili lililojengwa lina nini.

```
$ readelf -d _ramani.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so | grep NEEDED
 (NEEDED)   Shared library: [libc.so.6]
```

Hiyo ndiyo orodha ya maktaba ambazo faili linazidai, na `libgeuza` haimo. Mtu aliandika `-lgeuza`, yaani "unga na libgeuza", kwa mkono wake, linka ikakubali, na faili lililotoka halina habari nayo. Kwenye laptopu amri hiyohiyo ya `readelf` ilionyesha mistari miwili, mmoja wa `libgeuza.so.1`.

Ili kuona kilichotokea ilibidi tuvue ukimya wa pip. Kwa kawaida pip huficha yote ambayo kompaila na linka wanayasema, na huyamwaga tu ujenzi ukishindwa. Ukiongeza `-v` unayaona. Mstari wa kuunga, nikiuacha na yale yanayotuhusu tu, ulikuwa hivi:

```
x86_64-linux-gnu-gcc -shared -L/opt/upimaji/lib -lgeuza
  build/temp.../ramani.o -o build/lib.../_ramani.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so
```

Tazama mpangilio. `-lgeuza` imetangulia `ramani.o`. Setuptools, zana ambayo pip inaitumia kujenga moduli, huchukua thamani ya `LDFLAGS` na kuibandika nyuma tu ya jina la linka, kabla ya mafaili yaliyokompailiwa. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ilipofika `-lgeuza` hakukuwa bado na faili lolote lililohitaji kitu kutoka humo, na Ubuntu, tangu toleo la 11.10, huiambia linka kwa chaguo-msingi itumie `--as-needed`: maktaba isiyohitajika mpaka hapo iachwe nje ya orodha. Ikaachwa. Debian haina chaguo-msingi hilo, kwa hiyo kwenye laptopu maktaba iliandikwa kwenye orodha hata kama ilitajwa mapema. Amri ileile kwenye mifumo miwili ya ukoo mmoja ikatoa mafaili mawili tofauti.

Dawa ni kuitoa `-lgeuza` kwenye `LDFLAGS` na kuipeleka mahali pake, ndani ya maelezo ya moduli:

```
Extension("_ramani",
    sources=["ramani.c"],
    include_dirs=["/opt/upimaji/include"],
    library_dirs=["/opt/upimaji/lib"],
    libraries=["geuza"])
```

Kilichoandikwa kwenye `libraries` kinawekwa baada ya mafaili ya `.o`, panapotakiwa.

Kijana alibadilisha, akajenga upya, na kosa likabaki lilelile, neno kwa neno. Hapa watu wengi huacha njia sahihi na kurudi kwenye kubahatisha. Kilichotokea ni kwamba hakukuwa na ujenzi wowote. Tangu pip 21.3 ujenzi hufanyika ndani ya folda ileile ya msimbo, na folda ya `build/` ya mara iliyopita hubaki pale. Setuptools hulinganisha tarehe ya `ramani.c` na ya faili lililotoka; `ramani.c` haijaguswa, kwa hiyo inaruka hatua. Kubadilisha vigezo vya linka hakuhesabiwi kuwa badiliko. Ukishagusa usanidi, futa `build/` kabla ya kusema dawa imeshindwa:

```
rm -rf build/ *.egg-info
```

Tukafuta. Tukajenga. Safari hii mstari wa linka ulikuwa na `-lgeuza` baada ya `ramani.o` kama inavyopaswa. `readelf` ikasema: `libc.so.6`. Basi.

Nakiri niliipenda sehemu hii. Mpangilio sasa ni sahihi, linka imeiona maktaba baada ya `ramani.o`, na bado imeamua haihitajiki. Kwa `--as-needed` maana yake ni moja tu: linka imefungua `libgeuza.so`, imetafuta majina ambayo `ramani.o` inayadai, na haikukuta hata moja. Kuna mwenzetu ofisini aliyependekeza tuongeze `-Wl,--no-as-needed` ili kuilazimisha. Ingeingia kwenye orodha, ndiyo, na kosa la `undefined symbol` lingebaki palepale, tena sasa likiwa limepoteza dalili pekee iliyokuwa inatuonyesha njia. Nilikataa.

Tukaziuliza pande zote mbili zinaitana kwa jina gani:

```
$ nm -D _ramani.cpython-312-x86_64-linux-gnu.so | grep geuza
                 U geuza_pointi
$ nm -D /opt/upimaji/lib/libgeuza.so | grep geuza
00000000000013a0 T _Z12geuza_pointiddPdS_
```

Herufi `U` ni tundu, `T` ni jina lililopo kweli. Moduli inaita `geuza_pointi`. Maktaba inalo `_Z12geuza_pointiddPdS_`. Hilo la pili ni jina la C++. Kompaila ya C++ hubeba aina za vigezo ndani ya jina, ili kazi mbili zenye jina moja na vigezo tofauti zisigongane: `12` ni idadi ya herufi za `geuza_pointi`, `dd` ni desimali mbili za aina ya double, `Pd` ni pointa ya double, na `S_` ni "kama ile iliyotangulia". Ukilipitisha kwenye `c++filt` linafunguka kuwa `geuza_pointi(double, double, double*, double*)`.

Lakini maktaba hii ni ya C. Faili ni `geuza.c`, na kila mtu ofisini aliapa kwamba halijaguswa, na kweli halikuwa limeguswa. Kilichoguswa ni faili la Make, lenye maelekezo ya kujenga maktaba. Mtu aliongeza `majedwali.cpp`, faili dogo la kusoma majedwali ya marekebisho kwa kutumia vekta za C++, na ili mambo yaende akabadilisha kompaila ya mradi mzima kutoka `gcc` kuwa `g++`. Watu wachache wanajua kwamba `g++` hulichukua hata faili la `.c` kama C++. Ukitoa amri ya `gcc` kwa `geuza.c` unapata C. Ukitoa `g++` kwa faili lilelile, herufi kwa herufi, unapata C++ na majina yake marefu. Ndani ya maktaba hakuna aliyelalamika, maana wote walikuwa wanaitana kwa majina mapya. Setuptools ndiyo iliyoendelea kukompaili `ramani.c` kwa `gcc`.

Na laptopu? Laptopu ilikuwa na nakala ya zamani ya `libgeuza` ndani ya `/usr/local/lib`, iliyojengwa kabla `majedwali.cpp` haijazaliwa. Ndiyo iliyokuwa ikitumika siku zote, kimyakimya. Kwa hiyo hata pale "ilipofanya kazi", haikuwa toleo ambalo ofisi ilidhani inalitumia.

Kabla ya kurekebisha nilitaka kuitenga maktaba na moduli, ili tusipapase vitu viwili kwa wakati mmoja. Hapo ctypes ina faida: inafungua maktaba moja kwa moja, bila kujenga chochote.

```
>>> import ctypes
>>> k = ctypes.CDLL("/opt/upimaji/lib/libgeuza.so.1")
>>> k.geuza_pointi
AttributeError: /opt/upimaji/lib/libgeuza.so.1: undefined symbol: geuza_pointi
```

Kosa liko kwenye maktaba, wala `_ramani` haihusiki. Marekebisho yalikuwa kwenye heda, `geuza.h`, ambamo `extern "C"` inaiambia kompaila ya C++ iyaache majina kama ya C:

```
#ifdef __cplusplus
extern "C" {
#endif

int geuza_pointi(double e, double n, double *lat, double *lon);
double radiani_kwa_digrii(double r);

#ifdef __cplusplus
}
#endif
```

Sharti ni `geuza.c` yenyewe iisome heda hiyo, la sivyo tangazo halifiki kwa kompaila pale jina linapotengenezwa. Faili la Make nalo likarudishwa kwenye adabu: `.c` kwa `gcc`, `.cpp` kwa `g++`, na kuunga kwa `g++` ili `libstdc++` iingie yenyewe. Kwenye hatua hiyo ya kuunga tukaongeza `-Wl,-z,defs`, ambayo inaikataza linka kuacha tundu lolote. Moduli ya Python haiwezi kuwekewa masharti hayo, kwa sababu tuliyoiona. Maktaba ya kawaida kama `libgeuza` inaweza, na sioni sababu ya kuinyima.

Ctypes nayo ina mtego wake, na kijana aliuingia papo hapo. Alijaribu `k.radiani_kwa_digrii(ctypes.c_double(1.0))` akitarajia 57.29, akapata namba nzima isiyoeleweka. "Maktaba bado mbovu," akasema. Maktaba ilikuwa nzima. Usipoiambia, ctypes hudhani kila kazi ya C inarudisha `int`. Kwenye x86-64 double hurudishwa kwa rejista ya `xmm0`, na `int` husomwa kutoka `eax`, kwa hiyo alichokisoma ni mabaki ya shughuli nyingine. Ukitangaza aina, mambo yananyooka:

```
k.radiani_kwa_digrii.restype = ctypes.c_double
k.radiani_kwa_digrii.argtypes = [ctypes.c_double]
```

Kazi ikirudisha pointa ni hatari zaidi, kwa sababu anwani ya biti 64 inakatwa kuwa biti 32 na programu inaweza kuanguka mbali kabisa na mahali palipokosewa.

Baada ya kujenga upya vyote viwili, `readelf` ya `_ramani` ilionyesha `libgeuza.so.1` na `import` ikatoa kosa jipya, `libgeuza.so.1: cannot open shared object file`. Hili lilikuwa la kufurahia. `-L` na `library_dirs` zinaiambia linka itafute wapi wakati wa kuunga, na haziandiki chochote ndani ya faili kuhusu mahali pa kutafuta wakati wa kupakia.

Kijana alikuwa haraka: `export LD_LIBRARY_PATH=/opt/upimaji/lib` kwenye `.bashrc`, `import` ikakubali, akawasha huduma, huduma ikafa. Systemd, inayoendesha huduma za mfumo, haisomi `.bashrc` ya mtu. Kinachofanya kazi kwenye terminali yako hakina ahadi yoyote kwa huduma inayoendeshwa na mfumo. Kwa kuwa maktaba inakaa mahali pamoja siku zote, tuliiandika njia ndani ya moduli yenyewe:

```
runtime_library_dirs=["/opt/upimaji/lib"]
```

na `readelf -d` ikaonyesha mstari wa `RUNPATH` wenye folda hiyo. Kama maktaba ingekuwa inasafiri pamoja na moduli ningetumia `$ORIGIN`, yaani "folda ile ninayokaa mimi". Ila ukiiandika kwenye faili la Make, weka `$$ORIGIN` ndani ya nukuu moja. Ukiandika `$ORIGIN`, Make inaisoma `$O` kama jina la kigezo kisicho na thamani, na ukiliuliza faili unakuta `RUNPATH` ya `[RIGIN]`. Nimewahi kuona kifurushi kimesambazwa hivyo.

Jaribio lililoingizwa kwenye hatua za ujenzi ni mstari mmoja, unaoendeshwa bila kigezo chochote cha mazingira ili asitokee mtu mwenye `.bashrc` nzuri akatudanganya:

```
env -i /opt/upimaji/venv/bin/python -c "import _ramani"
```

Likifuatiwa na pointi za udhibiti ambazo ofisi inazo kwa mifumo yote miwili, zilizopimwa ardhini. Tofauti ikizidi mita chache, ujenzi unakataliwa. `import` kukubali kunathibitisha majina tu. Mita 300 za Arc 1960 hazionekani kwenye `nm`.

Kilichobaki kilikuwa laptopu. Tulifuta nakala ya zamani kwenye `/usr/local/lib`, na kijana akanakili `libgeuza.so.1` iliyojengwa seva ili pande zote ziwe na toleo moja. Ikagoma: ``version `GLIBC_2.38' not found``. Ubuntu 24.04 ina glibc (maktaba kuu ya C ya mfumo) 2.39, Debian 12 ina 2.36. Ndani ya `majedwali.cpp` kuna `strtol`, na kuanzia glibc 2.38 msimbo unaokompailiwa kwa `g++` huunganishwa na toleo jipya la kazi hiyo, `__isoc23_strtol`, ambalo glibc ya zamani haina. Maktaba iliyojengwa kwa glibc ya zamani hukubaliwa na mpya. Kinyume chake hakuna dhamana. Sasa `libgeuza` inajengwa ndani ya kontena ya Debian 12 na kupelekwa kote, `_ramani` inajengwa kwenye kila mashine kwa Python yake, na kabla maktaba haijatoka mtu anaendesha `objdump -T libgeuza.so.1 | grep GLIBC_` na kutazama kama kuna toleo linalozidi 2.36.